Bunia Baada ya Hukumu za The Hague

Nimerudi Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini, na tangu nifike nimekuwa nikiwauliza ndugu na majirani swali moja: zile kesi tulizozifuatilia kwa hamu kutoka mbali zimewaletea nini? Huko nilikokuwa, tulikaa karibu na redio mwezi Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, Uholanzi, ilipomtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, kwa kuwatumikisha watoto vitani, tukafanya hivyo tena kwa makamanda wengine wa vita vya Ituri: Germain Katanga mwaka 2014, na Bosco Ntaganda alipofungwa miaka 30 mwaka 2019 wapo waliolia kwa furaha. Hapa nyumbani nimekuta watu wakizitaja hukumu hizo kwa heshima, kisha wakihamia upesi kwenye mambo yanayowakereketa leo.

Chukua Bogoro, kijiji kilicho kusini mwa Bunia kwenye njia ya kuelekea Ziwa Albert, ambacho kilivamiwa tarehe 24 Februari 2003, shambulio ambalo ndilo lililomtia Katanga hatiani. Mwezi Machi 2017 majaji waliamuru waathirika 297 wa shambulio hilo walipwe fidia: dola 250 kwa kila mmoja kama ishara, pamoja na msaada wa makazi, elimu, shughuli za kujipatia kipato na matibabu ya kisaikolojia. Kwa kuwa Katanga hakuwa na mali, mzigo uliangukia Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo, ambao hutegemea michango ya hiari ya mataifa. Uholanzi ilitoa euro 200,000 kwa ajili ya yale malipo ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mhanga aliyeshinda kesi alilazimika kungoja huruma ya mfadhili, jambo ambalo halikumpata wakili, mkalimani wala mlinzi wa gereza.

Mama mdogo wangu mmoja, mzaliwa wa upande huo, sasa anaishi mjini kwa sababu mauaji yaliyorejea Ituri mwishoni mwa mwaka 2017 yalimng'oa tena. Nilipomwomba anieleze anaionaje fidia waliyopewa wenzake, alijibu bila kusita: "Mwanangu, ile ni heshima, maana mzungu wa mbali amekiri kwamba tulidhulumiwa. Lakini waliomuua kaka yako juzi tu hapa, nani atawashtaki?" Kisha akatoa mfuko wa nailoni uliokuwa na nakala ya malalamiko aliyoyapeleka kwenye ofisi moja ya serikali, karatasi iliyolainika mikunjoni kwa kukunjuliwa mara nyingi, yenye mhuri mmoja tu, ule wa siku ilipopokelewa.

Swali lake ndilo ninaloona misaada ya kimataifa haijalijibu vya kutosha. The Hague ilichukua watu wachache; wengine wote ni wa mahakama zetu, na tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021, mahakama za kijeshi ndizo zilizobebeshwa mashauri ya jinai, hata ya raia. Msaada uliofanya kazi nzuri kwa macho ya watu ni ule wa mahakama zinazosafiri hadi vijijini, ambapo majaji, mwendesha mashtaka, karani na mawakili hupakiwa kwenye magari au ndege ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, wakaketi kanisani au chini ya turubai, na mwanamke aliyebakwa akamsikia mtuhumiwa akijibu mbele ya jamaa zake. Nauli, mafuta na posho za siku hizo hulipwa na wafadhili, lakini ufadhili huo kwa kawaida huishia siku ya hukumu. Fidia inayotamkwa na jaji hailipwi ila kwa nadra, na mhanga anayetaka kuidai hukutana na ada za mahakama anazoweza kusamehewa tu akileta cheti cha kuthibitisha kwamba ni maskini, cheti ambacho nacho kina safari yake.

Upatanisho nao umegeuzwa kuwa semina. Wazee wa Kihema na wa Kilendu, jamii mbili zilizopigana hapa Ituri, hukaa hotelini, hutia saini tamko, hupigwa picha, hali chanzo cha vita kimebaki palepale: ardhi. Mzozo uliolipuka Walendu-Pitsi, eneo la Walendu hapa Ituri, mwaka 1999 ulianzia kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi, ambayo baadhi ya wamiliki wapya walijaribu kuyapanua kwa kutumia karatasi za sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ambazo majirani hawakuwahi kuziona. Mpaka wa shamba hautatuliwi na tamko.

Sasa Kongo yenyewe ina mfuko wa fidia, FONAREV, uliotokana na sheria ya Desemba 2022 na kutengewa sehemu ya mrabaha wa madini. Naunga mkono kwa moyo wote fedha zetu zitumike kuwalipa watu wetu. Kwa wafadhili ombi langu ni dogo kuliko miradi yao: wamlipie mpimaji wa ardhi na karani wa mahakama kwa miaka kumi mfululizo, wagharimie nakala za hukumu na ulinzi wa mashahidi baada ya kesi, na wasiondoke kabla fidia ya kwanza haijafika mkononi mwa aliyeamriwa kulipwa.