Siku moja na wageni wanne, kutoka Kibirizi hadi Ujiji

Watu wakinikuta nimekaa na wageni chini ya mwembe Ujiji huniambia, "Kaka, wewe unalipwa kwa kutembea." Mimi ni dereva na ndiye pia muongozaji wa wageni hapa Kigoma. Hii ni Jumamosi yangu moja ya Septemba.

Saa 10:30 alfajiri. Naosha Noah, naangalia upepo wa matairi, napakia maji ya kunywa na barafu. Saa 12:30 nimeshafika nyumba ya wageni. Wageni wenyewe ni mama mtu mzima kutoka Dar, binti yake, mkwewe na kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Wote ni mara yao ya kwanza kuliona Ziwa Tanganyika.

Saa 1:15 asubuhi. Barabara ya Lumumba inateremka na miembe yake mpaka mbele ya stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar. Mama akaushika ukuta wa stesheni kwa kiganja, akakaa kimya. Baba yake aliwahi kushuka hapa kwenye treni akiwa kijana, na hadithi ya stesheni hii ameisikia tangu utotoni. Nikawasimulia pia habari za meli ya Liemba: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja na reli hii hii ikiwa ndani ya makasha na kuunganishwa upya hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Kijana akauliza, "Tutakaa hapa sana?"

Saa 2:30. Kibirizi, pwani ya wavuvi wa dagaa.

Hapa lazima nieleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Siku hiyo walikuwa na siku mbili tu tangu warudi ziwani, na akina mama wa kuanika walikuwa wametoka kukaa bila kazi. Tena dagaa wa Kigoma anasifiwa kwa usafi. Akiwa na mchanga, mnunuzi anamsikia kwenye meno na bei inaanguka palepale.

Niliwaambia wageni kabla hawajashuka: tupite kwenye njia, na picha tuombe kwanza. Kijana akatangulia huku akijipiga picha, akirudi kinyumenyume. Neti ilikuwa imetandazwa chini, juu ya kokoto, dagaa wabichi wamejaa, wanang'aa kama misumari mipya. Akaikanyaga hatua mbili, tatu, kisha akageuka kuona amekanyaga nini, na kule kugeuka kukawavuruga zaidi. Viatu vyake vilikuwa na mchanga wa maji.

Mwenye dagaa ni mama ninayemfahamu miaka mingi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitika. Aliinama, akaokota dagaa mmoja aliyepondeka, akamweka kiganjani na kunionyesha mimi, si kijana. "Hawa ni wako," akaniambia.

Kijana akasema dagaa hawazidi kiganja kimoja, na kwamba walitakiwa waanikwe juu. Wanawake wengine wakaacha kugeuza dagaa wao, wakasogea. Mkwe akaanza kunihoji mimi kwa nini sikuwaonya. Nilikuwa nimewaonya, lakini ningelisema hilo mbele ya umati ningemwaibisha shemeji yake. Nikanyamaza. Nikachuchumaa na yule mama, tukawatenga wenye mchanga mmoja mmoja, jua likiwa mgongoni, karibu saa nzima. Akataja 20,000. Kijana akasema hatoi hata mia. Nikatoa mimi mfukoni. Mgeni anapanda treni Jumatatu, mimi Jumatatu nitarudi Kibirizi kupakia wengine, na bila ruhusa ya hawa akina mama sina pwani ya kumwonyesha mtu. Nilipomuaga ndipo akaitika: "Marahaba."

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa ziwani, mgebuka, kwa mawese na ugali. Nilikula nimesimama kando ya gari, tairi la nyuma lilikuwa limeanza kulegea na nilitaka kulibadilisha kabla hawajamaliza.

Ujiji tulifika jua likiwa kali. Jiwe la kumbukumbu linasema mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari na mvumbuzi Livingstone hapa tarehe 10 Novemba 1871. Kila mgeni anaijua ile salamu yao, "Dr. Livingstone, nadhani?" Mimi husimulia kwamba kabla Stanley hajamwona Livingstone, aliyemlaki njiani ni Susi, mtumishi wa Livingstone, na kwamba Livingstone alipofariki 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Nimesimulia mara nyingi mno na bado sauti hunibadilika. Mama aliomba nirudie majina yao, akayaandika kwenye simu.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Katonga, kisha zile fukwe ndogo za Jakobsen, maji maangavu hata kokoto za chini unazihesabu. Miguu ilikuwa inanivuta. Kijana alikasirika kwamba milima ya Kongo haionekani. Septemba moshi wa mashamba huifunika, na nilikuwa nimemweleza asubuhi. Nikamweleza tena.

Tukirudi giza lilikuwa limeingia. Kwenye kona ya juu mama akasema, "Baba, hebu simama." Chini yetu ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi, mstari mrefu, huwezi kujua maji yanaishia wapi.

Kijana alikaa kidogo, halafu akauliza, "Yule mama wa asubuhi, ana mtu huko?"

"Wanawe wawili."

Akashusha kioo.

Niliwafikisha saa 2 usiku, nikaenda kuosha gari kwa ajili ya kesho, safari ya Gombe. Kwenye zulia la siti ya nyuma, upande wake, kulikuwa na dagaa watatu, wamekauka.