Plasta ya Chausiku

Paka wetu Chausiku alirudi wakati wa magharibi akichechemea, mguu wa mbele wa kulia kauinua. Bati lililong'oka kwenye banda la kuku la jirani lilikuwa limemchana juu kidogo ya vidole. Ilikuwa vuli ya 2014, Tanga, mvua zimeshaanza, na bwana mifugo alikuwa ameshafunga ofisi.

Bibi alichemsha maji nusu lita, akatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tukayaacha yapoe. Akamviringisha paka kwenye kanga, vikabaki nje kichwa na ule mguu. Niliposhika chupa ya spiriti akanizuia: "Hiyo itamuunguza, mjukuu wangu. Maji ya chumvi yanatosha."

Nikakimbilia duka la dawa. Muuzaji aliniwekea plasta mbili kaunta. Moja ya karatasi, nyepesi, ina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Nyingine ya kitambaa, nzito, gundi yake ile ya zinki inayong'ang'ania hata kidoleni. Nilimjua Chausiku: kitu kikimkera anakitafuna mpaka kitoke. Nikachukua ya kitambaa. Nilimpenda sana yule paka, na usiku ule niliona kumpenda ni kumfunga kisawasawa. Nikaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunika kidonda, nikazungusha plasta mara tatu juu ya manyoya, nikiivuta.

Alfajiri nilimkuta chini ya kitanda. Vidole vilikuwa vimevimba, vimeachana, kucha zimechomoza zenyewe. Nikavigusa: baridi. Hakulia, alinitazama tu. Nililia mimi.

Nikataka mkasi. Bibi akasema hapana, plasta imegandana na ngozi, utamkata. Akaleta mafuta ya nazi. Tuliyapaka ukingoni, tukasubiri, tukasukuma kwa kidole gumba, unywele kwa unywele, karibu nusu saa. Hata hivyo kipande cha mwisho kiliondoka na manyoya, kikaacha ngozi nyekundu, tupu.

Bwana mifugo alibonyeza vidole kimoja kimoja, akavisubiri vipate joto. Hakunigombeza. Alisafisha kidonda, akaweka gozi, pamba nyembamba, kisha akachukua bandeji ya kuvutika, akaikunjua yote na kuikunja upya ili ilegee kabla ya kumfunga. Alianzia chini kwenda juu, akaacha ncha za vidole viwili vya kati nje. "Hivi ndivyo vitakavyokwambia," alisema. "Viangalie asubuhi na jioni. Vikivimba, vikipoa au vikiachana, fungua hapo hapo." Akapitisha kidole chake chini ya bandeji, kikapita. Mwisho akamalizia kwa plasta ya karatasi, vipande viwili vifupi, juu ya bandeji tu.

"Plasta ishike bandeji, kijana wangu. Isimshike paka."

Nilikuwa nikibadilisha kila siku, na mvua ikinyesha simruhusu kutoka, maana bandeji ikilowa ni kidonda kingine. Aliitafuna mara mbili. Nikafunga upya mara mbili, bila kuvuta.

Manyoya yaliota tena, ila pale nilipoibandua plasta yaliota meupe, mstari mwembamba kwenye mguu mweusi. Bibi aliweza kuushika mguu ule wakati wowote. Mimi nikiugusa, hata miaka ile alipokuwa mzee, Chausiku aliuvuta taratibu akauficha chini ya kifua.