Nilivyoisoma kesi ya Akayesu kwa kufuata tarehe

Aliyepitia sheria za kimataifa anaijua hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyosomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Hapo ndipo mahakama ya kimataifa ilipomtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo ubakaji ulipohesabiwa kuwa unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji hayo. Lakini Akayesu, aliyekuwa burgomasta (mkuu wa komuni, yaani wilaya ndogo) wa Taba nchini Rwanda, alipandishwa kizimbani bila shtaka hata moja la ubakaji. Nilipoanza kuandika tasnifu, swali langu lilikuwa hilo tu: liliingiaje?

Kumbukumbu za mahakama hiyo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR), ziko Lakilaki, Arusha, mikononi mwa taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zake. Nyaraka nyingi zilizo wazi zimewekwa mtandaoni, kwa hiyo sikuhitaji kufunga safari. Shida ni wingi wake. Ukitafuta kwa jina unamwagiwa maombi, amri na barua za mawakili. Nikatafuta kwa namba ya kesi, ICTR-96-4, nikapanga kila nilichopata kwa tarehe, hukumu nikaiweka kando kwanza.

Kilichonifungulia njia ni hati mbili za mashtaka. Ya 1996 ina mashtaka 12. Ile iliyorekebishwa Juni 1997 ina 15. Ukiziweka ubavu kwa ubavu unaviona viraka: aya ya 10A, 12A, 12B. Mwandishi hakutaka kuvuruga namba za zamani, akapachika herufi. (Namshukuru. Angezipanga upya, ningepitiliza.) Aya ya 12A ndiyo inayowataja wanawake waliokimbilia ofisi ya komuni.

Basi jibu lilikuwa lazima liwe kwenye vikao vya kati ya Januari na Juni 1997. Mashahidi hawatajwi kwa majina, ila kwa herufi, na penye kikao cha faragha kumbukumbu zinakatika. Nikafungua daftari: herufi ya shahidi, tarehe, ukurasa. Shahidi J, aliyeitwa kueleza mambo mengine, anasimulia kuwa binti yake alibakwa. Baadaye shahidi H anasema yaliyompata yeye mwenyewe. Majaji, akiwemo Navanethem Pillay, wanauliza zaidi. Tarehe 17 Juni waendesha mashtaka wanaruhusiwa kurekebisha hati, na kesi inaahirishwa hadi Oktoba.

Ndipo nilipoirudia hukumu. Makosa 9 kati ya 15 yalithibitika, na sura yake ya ukatili wa kingono sasa niliisoma nikijua kila herufi ilisimama kizimbani lini.

Hivi sasa niko kwenye kesi nyingine ya mahakama hiyo, ya Butare (mkoa wa Rwanda wakati huo), ya aliyekuwa waziri Pauline Nyiramasuhuko na wenzake watano, iliyoanza Juni 2001 na kuhukumiwa Juni 2011. Hati yake nayo ilirekebishwa, nami nimeanzia hapo.