Futi kamba ndo iliyoniambia ukweli kuhusu tumbo langu

Naandika hii kwa sababu nimechoka. Toka nipungue mwili, kila anayeniona hapa Ngamiani, Tanga, swali ni lile lile, umetumia dawa gani, nani kakuuzia, nipe namba yake. Nikisema sikupungua kwa dawa yoyote naambiwa nina choyo. Wengine wananiuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, kama sukari imepanda, na kuna mmoja alinishika mkono sokoni akataka kujua kama mume wangu kaongeza mke. Ndo huku kwetu, mwanamke akinenepa anatunzwa, akipungua ana msiba. Basi naeleza yote, na ukishasoma tafadhali usinitumie tena meseji ya kuomba dawa.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 51, kazi yangu ni ya kukaa tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri na siku za harusi mpaka usiku, na vazi langu la kila siku ni dera. Na kuhusu dera nasema kama mtu anayelishona: dera linampokea yeyote. Gauni lenye kiuno likikubana unajua siku hiyo hiyo, ila dera unaweza kuongezeka mwaka mzima na bado linaingia vile vile. Umri nao una mambo yake. Hedhi ikianza kukata, mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni, na nyama ya misuli inapungua kidogo kidogo kila mwaka kama huifanyishi kazi. Hakuna aliyewahi kunieleza hayo, nimekuja kuambiwa kliniki siku niliyopeleka magoti yangu.

Nesi wa siku ile Mungu ambariki. Alinipima presha ikawa juu, uzito kilo 86, urefu futi tano na inchi mbili, afu akatoa futi kamba kama yangu ya kazini akanipima kiuno, inchi 41. Akasema mwanamke akizidi sentimita 88, yaani inchi 35 kasoro kidogo, hatari ya sukari na moyo inapanda sana, kwa mwanaume mpaka ni sentimita 102. Afu akaniambia neno lililonipa nguvu, kwamba sihitaji kurudi mwili wa usichana, hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito ikitoka presha na sukari vinaona tofauti. Kwangu mimi hiyo ni kilo nne mpaka nane na kitu. Nikaona hilo naliweza.

Niliporudi ndo ushauri ukaanza kumiminika. Ndimu na maji ya moto inayeyusha mafuta (haiyeyushi kitu, ila maji ya ndimu ni matamu kunywa). Jifunge nailoni tumboni ukimbie. Mkanda wa kubana, ambao mi mwenyewe naletewa niushone na nawaambia wateja wazi kabisa, huu unasukuma nyama juu na chini, ukiuvua inarudi mahali pake. Na akaja dada mmoja anayezunguka kwenye masaluni na begi, anauza unga wa kijani kwenye pakiti nyeupe haina jina wala maelezo ya kilichomo, anasema tumbo linaondoka ndani ya wiki. Sikumbuki vizuri nilitoa elfu arobaini au hamsini na kitu.

Na hapa nataka kueleza taratibu maana wanawake wenzangu wengi wanaumizwa na kitu hiki hiki. Siku za kwanza ni choo tu. Unakwenda, unarudi, unakwenda tena, huwezi kukaa kwenye cherehani ukamaliza mshono mmoja. Usiku misuli ya miguu inakaza mpaka unapiga kelele, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, ukisimama ghafla kizunguzungu. Nikaenda kwenye mzani wa duka la dawa, kilo tatu zimeondoka! Nikafurahi mpaka nilipofika dukani kwangu nikachukua futi kamba. Inchi 41. Nikapima tena nimesimama wima, nikamwita binti yangu apime yeye. Inchi 41, haijasogea hata nusu. Hapo nikajua kuna uongo, na nilijua ni nani mwongo, maana futi kamba naitegemea miaka yote kwa riziki yangu na haijawahi kunidanganya.

Nikaunusa ule unga. Sisi tuliolelewa na mabibi wa Tanga harufu ile tunaijua, bibi yangu alikuwa anatuchemshia shule zikifungwa, anasema tusafishe matumbo. Nikaenda Mgandini kwa muuza dawa za miti shamba na viungo, nikanunua sanamaki, yale majani ya kuharisha, ya hela ndogo sana, nikaja nikatwanga, nikaweka vikombe viwili sambamba, huku wake huku wangu, maji ya moto ya birika moja. Rangi ile ile, harufu ile ile, ule uchungu wa mwishoni kooni ule ule. Nikamwita jirani yangu anywe kidogo kidogo bila kumwambia kipi ni kipi, akashindwa kutofautisha. Yule dada nilipompigia akanijibu eti mwili wangu una gesi nyingi niongeze dozi. Niongeze dozi, na mi nina presha!

Baadaye daktari alinifafanulia. Sanamaki inaharakisha utumbo mpana, na chakula kikishafika utumbo mpana nguvu yake karibu yote imeshanyonywa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo kinachotoka ni maji na madini kama potasiamu ambayo misuli na moyo vinayahitaji, ndo maana ya ile mikazo ya usiku. Mafuta hayajaguswa. Ukinywa maji yako vizuri na kula, zile kilo zinarudi siku mbili tatu, na kweli zilirudi.

Toka siku hiyo nikaacha kuusikiliza mzani peke yake, nikatengeneza kitu changu. Nilichukua kitambaa cha marekani, kile kigumu kisichovutika, nikakata utepe mwembamba, nikasimama ukutani bila viatu, binti yangu akaukata sawa sawa na urefu wangu toka kisigino mpaka utosini. Ukishaupata unaukunja katikati. Hiyo nusu ndo inatakiwa ikuzunguke kiunoni ncha zikutane, maana kanuni wanayoitumia wataalamu ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mi nina inchi 62, nusu yake 31. Nilipouzungusha ncha zikaachana shubiri nzima na ziada. Kuliona pengo lile kwenye kioo, mkono wangu mwenyewe umelala hapo katikati, kulinifanyia kazi kuliko namba yoyote niliyosomewa. Afu nikaukunjua, nikauzungusha kiuno kizima, nikashona alama ya uzi mwekundu pale ncha ilipougusa utepe, na kila Ijumaa asubuhi kabla sijanywa chai nazungusha tena. Ikisogea, nashona alama mpya.

Angalizo kwa mafundi wenzangu: sisi tunapima kiuno pale palipoingia ndani, hospitali hawapimi hapo. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta mfupa wa nyonga ulipoanzia juu, katikati yake ndo pa kupimia, na utoe pumzi kwanza, usivute tumbo ndani.

Habari ya utepe ilisambaa, wateja wakija kuchukua nguo wanataka kukatiwa wa kwao. Kuna shoga yangu mmoja mwembamba, mikono na miguu kama ya msichana, kila siku anasifiwa umbo, utepe wake haukukutana. Mafuta yote yamekaa tumboni na watu hawayaoni. Mwingine jumba la mtu, mpana wa mifupa, anaitwa bonge toka shule, kapungukiwa inchi moja tu! Nilimwambia yule mwembamba akapime sukari, na sitasema zaidi ya hapo maana ni siri yake.

Sasa chakula. Cha kwanza ni chai. Fundi anayekaa nje anakunywa chai kila anayepita akikaa kidogo, na chai yetu bila vijiko vitatu haijaitwa chai. Vikombe vinne ni vijiko 12, na Shirika la Afya Duniani linasema bora tusizidi gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku, yaani vijiko vidogo sita hivi, na hapo hujagusa kashata wala visheti wala soda. Sikuacha ghafla. Nilipunguza nusu kijiko, ulimi ukazoea, nikapunguza tena, huku nazidisha iliki, tangawizi na mchaichai. Sa hivi nikipewa chai ya watu naiona kama asali.

Wali sijaacha na siachi. Nilichogusa ni nazi. Mafuta mengi yako kwenye tui la kwanza, kwa hiyo wali, maharage na mchicha napikia tui la pili na la tatu, na lile zito naliweka pembeni kwenye bakuli mzee wangu ajimwagie mwenyewe mezani, maana siku za mwanzo alinuna haswa. Vya kukaanga nimepunguza, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, angalia chapati moja inakunywa vingapi. Machungwa ya Muheza nakula na nyama zake, juisi sikamui.

Ila ujanja ninaoupenda kuliko wote ni mwatiko. Kwetu tunakula sinia moja, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unakwenda na mikono ya wenzako, ukiwa na vijana wanaokula haraka na wewe unaharakisha. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuambia kichwa kwamba limetosheka, na sinia letu lilikuwa linaisha kabla. Nikaanza kununua samaki wa miiba. Mwatiko una miiba mpaka mtu mzima anaheshimu, huwezi kumla unaongea, unachambua, unatoa mwiba, unaweka pembeni, unarudi kwenye wali kidogo, unachambua tena. Nyumba nzima ikapunguza mwendo. Wali ukaanza kubaki! Vijana walilalamika wanataka samaki aina ya changu, nikawaambia changu ataliwa siku ya wageni. Na bei ni nafuu kuliko samaki wa minofu, siku nyingi anapatikana.

Mazoezi nayo nilipewa ushauri wa ajabu, kijana mmoja wa jogingi alitaka nikimbie mpaka nitapike, na haya magoti. Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare, wanawake tunaendesha toka zamani, nilichofanya ni kununua ya mtumba kama laki na nusu hivi na matengenezo. Baada ya alfajiri natoka, navuka reli, naelekea Raskazone, upepo wa bahari, narudi jua halijawa kali. Kipimo nilichofundishwa ni kwamba mwendo uwe unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Dakika 150 kwa wiki ndo kiwango cha chini, ukigawa nusu saa mara tano inatosha.

Lakini baiskeli peke yake haitoshi kwa umri wetu, na hili ndo wanawake wengi hawaambiwi. Misuli lazima ibebeshwe mzigo, angalau mara mbili kwa wiki. Nina madumu mawili ya mafuta ya lita tano, nimeyajaza maji, nanyanyua nikiwa nasubiri pasi ipate moto. Nakaa na kusimama kwenye stuli ya cherehani bila kushika kitu. Nasukuma ukuta. Cherehani yangu pia nimeitoa mota nimerudi kukanyaga kwa miguu, ingawa wateja wa haraka wananung'unika.

Kulikuwa na kipindi kirefu mzani uligoma kabisa, kilo 77 kila nikipanda. Ningekuwa nafuata mzani ningekata tamaa, tena shoga zangu wawili waliacha hapo hapo. Utepe wangu ulikuwa unaendelea kushonwa uzi mwekundu. Mafuta yanatoka, misuli inaingia, mzani hauwezi kukuonesha hilo.

Imechukua mwaka na zaidi. Kilo ziko 73 au 74, kiuno inchi 34, magoti yamenyamaza, presha imeshuka na daktari kanipunguzia dozi ya dawa za presha, na nasema daktari, usijipunguzie mwenyewe. Bado inchi tatu ncha zikutane. Mwezi wa Ramadhani kwetu unaniogopesha kwa kaimati na tambi, nafungua kwa tende na maji, naswali magharibi kwanza, nikirudi njaa ile ya pupa imeshapungua.

Na wanaoniomba niwaazime utepe wangu, hauwafai, umekatwa kwa urefu wangu. Njoo dukani na kipande cha marekani, uvue viatu usimame ukutani, nakukatia wa kwako bure, ila Ijumaa usije kabla ya saa nne.