Venye niliona Les Misérables London na pauni 30

Kwanza sikuenda Uingereza kwa mambo ya maigizo, nilienda kumsaidia dadangu alikuwa amejifungua, anaishi Leicester, na baada ya wiki tatu za nepi na kuamka usiku akaniambia we toka kidogo bana, chukua siku moja uzurure, mtoto nitabaki naye. Mimi huimba kwaya huku Kisumu, sauti ya pili, kwa hivyo sikufikiria mara mbili. Les Misérables, igizo la kuimbwa, imekuwa jukwaani London tangu 1985, na nyimbo zake nilikuwa nazo kwa simu miaka mingi.

Sasa sikia aibu. Nilisoma ati kuna kibanda cha tiketi za bei nafuu Leicester Square, nikamwambia dadangu basi hata treni sihitaji, nitatembea tu. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Kumbe Leicester Square iko London katikati, haihusiani kabisa na mji wao, na kutoka kwao mpaka stesheni ya St Pancras ni kama saa moja na kitu kwa treni. Hiyo safari ndio ilinisaidia, nikasoma hadithi yote kwa simu, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu hawa watu hawaongei, kila kitu kinaimbwa mwanzo mpaka mwisho, ukipitwa na mstari mmoja umeachwa.

Kibandani siku hiyo hakukuwa na tiketi ya bei yangu. Nikatembea dakika chache mpaka kwenye ukumbi wenyewe, Sondheim, uko Shaftesbury Avenue, nikauliza dirishani kama kuna kiti kimoja tu kimebaki mahali popote. Kuenda peke yako kuna faida, viti vya mmoja mmoja hubaki. Pauni 30, karibu elfu tano za kwetu, juu kabisa pembeni. Kabla ya kulipa nilicheki kwanza treni ya mwisho ya kurudi, maana show inaanza saa moja u nusu na ni karibu masaa matatu.

Ngazi za kupanda huko juu, yawa! Na viti vimeinama vile unahisi ukikohoa utaangukia watu wa chini. Kona moja ya jukwaa sikuiona usiku mzima. Sijali. Okestra ikianza unaisikia kwa mbavu.

Hadithi ni ya Jean Valjean, jela miaka 19, mitano ya kuiba mkate na mingine ya kujaribu kutoroka. Watu hudhani ni yale mapinduzi makubwa ya Ufaransa ya 1789, hapana, hii ya vijana ni ya Juni 1832, Paris, wamefunga barabara na viti na meza na mbao wakingoja wananchi watoke wawaunge mkono, na wananchi hawatoki. Mimi nimekulia Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kufunga barabara sihitaji kuelezewa, sisi hutumia mawe na tairi. Lakini kuna katoto, Gavroche, kanaruka ng'ambo kuokota risasi za maiti, kanaimba, halafu mlio, kanaendelea kuimba, mlio tena. Nikakumbuka Juni yetu ya 2024, vijana wa Kenya walipopigwa risasi kwa maandamano. Mzee mzungu kando yangu akanisukumia tishu bila kuniangalia, na yeye pia analia.

Mwisho watu wote walisimama, mimi nikapiga makofi nikiwa tayari nashuka ngazi na koti begani, nikakimbilia treni, nikaipata.

Niliporudi Kisumu nikamhadithia nyanya yote, polisi anayemwinda Valjean miaka na miaka, askofu anayemwachia vinara vya fedha, vijana wanaokufa. Alisikiliza akichambua mboga ya osuga, hasemi kitu. Nilipomaliza akauliza, "Na huo mkate aliiba apelekee nani?" Nikamwambia mtoto wa dadake, alikuwa anakufa njaa. "Alipona?"

Nikakaa kimya. Masaa matatu, watu wote wale wanaimba, na sikusikia mtu akisema.

"Sasa uliendea nini," nyanya akasema, akavuta sufuria.