Nia ya kesho tu

Kuacha pombe hakujawahi kunishinda. Niliacha kila mwaka, mwezi mzima. Mwisho wa Shaabani tukenda pwani kuvunja jungu, wenzangu na masufuria ya biriani, mie na wawili watatu tukijitenga nyuma ya minazi kunywa ya kuagia. Kukicha nimefunga. Siku thelathini hata harufu yake siijui. Mama akifurahi, mke wangu akifurahi, nami nikijiambia: kitu ninachoweza kukaa nacho mbali mwezi mzima, kitakuwaje kimenitawala? Usiku wa Idi, takbira zikiwa bado zinasikika misikitini, nilikuwa nishajua nani ana chupa.

Mwezi ule ulinidanganya miaka kumi na moja.

Nilikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja upande wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kwetu pombe haianikwi mtaani. Iko hotelini, iko vichochoroni, kila mtu anajua na hakuna asemaye. Nilianza kwa kumalizia mabaki kwenye glasi za wageni, kisha nikazoea viroba, pombe kali ya vipakiti, vilivyokuwa vikivuka na boti kutoka Dar es Salaam. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, nilimwambia mke wangu kwa majigambo kuwa serikali imenisaidia. Wiki ile ile nilikuwa kwenye gongo.

Mwaka wa mwisho nilikuwa nazimua kila asubuhi ndipo niweze kufunga vifungo vya shati. Nikavunja jungu kama kawaida, nikafunga kama kawaida. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka, watu wakasema saumu imempiga. Siku ya pili, alasiri, nilianguka jikoni kwa mama. Nasikia nilikakamaa, macho yakageuka, povu likanitoka. Jirani mmoja alishaanza kunisomea. Hospitali daktari aliuliza swali moja tu: "Anakunywa?" Mama akatazama sakafu. Aliyejibu ni mke wangu.

Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, ubongo unacharuka. Kutetemeka huanza baada ya saa chache, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya tatu mtu anaweza kuweweseka, hata akafa. Nilipewa diazepamu ya kunituliza na vitamini B1, na usiku ule nikakesha nikifukuza sisimizi ukutani ambao hakuna mwengine aliyewaona. Kwa hivyo kama wewe unakunywa kila siku, usifanye ubabe kama wangu. Mwone daktari kwanza, ndiyo uache.

Kutoka hospitali nilipelekwa soba, nyumba ya watu wanaoacha ulevi, nikakaa miezi minne. Wengi mle walikuwa watu wa unga, yaani heroini, na walinicheka: "Wewe mlevi tu, sheikh, umekuja kupumzika." Arosto yao, yale maumivu ya kukosa unga, ni mateso, nimeiona kwa macho, lakini waliposikia habari za degedege wakapunguza mzaha. Nami kwa ujinga wangu nilimuuliza mshauri lini nitaanza kwenda hospitali ya Kidongo Chekundu kunywa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha, nimalize kazi. Akanambia ile ni ya watu wa unga, mie dawa yangu ni kukaa kwenye kiti na kusema.

Kusema ndiko kulikonitoa jasho. Kisiwa hiki ukikohoa Fuoni, Bububu wanakupa pole. Kwenye mkutano wa sisi tunaoacha tunatumia jina la kwanza tu, na yanayosemwa mle hayavuki mlango, lakini ilinichukua wiki tatu kutamka kuwa mie ni mraibu wa pombe. Kilichonifungua mdomo ni kisa cha wale Wamarekani wawili walioanzisha mikutano ya namna hii. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache, alisimama kwenye ukumbi wa hoteli akisikia vicheko vya baa. Badala ya kuingia baa akenda kwenye simu, akapiga huku na huku kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith. Hoteli, vicheko vya baa, na mtu amesimama katikati. Nilihisi nimesimuliwa mie.

Nikatoka, na Ramadhani iliyofuata nikafunga yote. Usiku wa Idi nikanywa.

Sikuwa na huzuni wala ugomvi na mtu. Nilijiona nimemaliza. Karibu mwaka mzima, na Ramadhani juu yake, nani kama mie? Siku tatu za sikukuu sizikumbuki. Mwanangu alikwenda kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja na mjomba wake.

Niliporudi mkutanoni nilitaka kueleza sababu, kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi, akanikata.

"Umefunga ngapi mwaka huu?"

"Thelathini, mzee wangu."

"Nia umetia mara ngapi?"

"Thelathini." Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, nia ya fardhi hutiwa kila usiku kwa ajili ya siku inayofuata. Ya mwezi mzima kwa mkupuo haitoshi.

"Na ya pombe uliitia mara ngapi, mwanangu?"

Nikanyamaza. Moja, siku niliyotoka soba. Tena nilitia ya maisha.

Basi ndivyo ninavyoishi tangu siku ile. Usiku, kabla ya kulala, natia nia ya kesho: kesho sinywi. Ya keshokutwa siigusi. Harusi ya shemeji mwezi ujao, nitakwendaje, nitakaa na nani, sijui, kesho si harusi. Mwanzo niliona kama mchezo wa kitoto, lakini kiapo cha maisha kilikuwa kikinichosha hata kabla sijaamka, ilhali siku moja hata mie naibeba.

Vyengine ni vya kawaida. Niliomba kutolewa baa, nikapewa udobi hapo hapo hotelini. Bahshishi zimekwisha, na mwezi wa kwanza tulihesabu hata mafuta ya taa. Nikadhani nimeikimbia harufu, kumbe vitambaa vya meza vinarudi vimelowa mvinyo, natia sabuni nimeziba pumzi. Mshahara naukabidhi kwa mke wangu, naye hunipa nauli. Jamaa wananicheka, wacha wacheke. Hamu ya sukari imenizidi, halua nikiiona sibakishi, na hilo sijalipatia ufumbuzi.

Saa mbaya kwangu ni ya magharibi, wanapoanza kuwasha taa za baa. Kiu ikija nampigia yule mzee. Wala hatuzungumzi pombe. Ananieleza bamvua, bei ya changu, mashua yake inavyovuja, mpaka nasikia adhana kwa upande wake, ananambia, "Haya, nenda kasali." Kiu haijaondoka yote, ila imeshakuwa ndogo kuliko mie. Siku nyengine hunipigia yeye, namjua kwa sauti, namuuliza habari za mashua.

Mama mpaka leo hatamki neno pombe. Husema "yale maradhi yako." Zamani nikiudhika, siku hizi naitika.

Ramadhani ya mwaka huu ilikuwa ya nne tangu kuanguka kule kwa Idi. Jioni ya siku ya ishirini na tisa tulikaa karibu na redio kusubiri habari za mwezi. Ulipotangazwa kuwa umeandama watoto wakatoka mbio nje, takbira zikaanza. Kesho yake kufunga ni haramu, kwa hivyo hapana nia ya kutia. Mke wangu alikuwa anapiga pasi kanzu yangu, akaniuliza bila ya kuinua kichwa, "Umeshatia?"

"Bado," nikamjibu.

Nikaenda nje, nikakaa barazani peke yangu, nikaitia.