Gombe kwa boti ya abiria

Nimezaliwa Ujiji. Tangu utotoni naona karabai za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani usiku, lakini Gombe, hifadhi ya taifa yenye sokwe, kilomita 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma, nilikuwa sijafika. Barabara haifiki huko, na boti ya kukodi ingemaliza mshahara wangu. Mwezi wa saba nikaamua kupanda boti ya abiria, ile inayopita Gombe ikipeleka watu na mizigo kijiji cha Mwamgongo.

Kibirizi, zinakoondokea boti, nilifika saa tano asubuhi, tukaondoka saa nane. Boti inasubiri mizigo, kwa hiyo nenda na maji ya kunywa na kofia. Nilikaa ukingoni ili nione vizuri, nikakosea. Upepo wa mchana ulishachafua ziwa, kila wimbi likinilowesha. Darasani nafundisha kwamba kina cha Ziwa Tanganyika hufika mita 1,470. Mle botini hesabu hiyo ilinitia hofu ya kweli.

“Mwanangu, usikae huko,” mama mmoja akaniita. “Njoo katikati, juu ya magunia.” Nikahamia, akanifunika kwa turubai lake. Hofu ikapungua.

Tulitia nanga Kasekela, ndani ya hifadhi, jua likikaribia kuzama. Ufuko ni changarawe na mchanga, maji maangavu hadi unaona vidole vya miguu. Nyani wanapita hapo kama wenyeji, kwa hiyo chakula usikiache nje hata dakika moja.

Asubuhi mwongozaji alinipandisha bonde la Kakombe. Kwanza unahisi ubaridi, ndipo unasikia mngurumo. Maporomoko yana kama mita 25, maji yanashuka kwenye ukuta wa mwamba uliojaa kuvumwani, na upepo wake unatikisa majani pande zote. Mwongozaji akaniambia sokwe dume wakifika pale husimama wima, hubembea kwenye kamba za mwituni na kurusha mawe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyekuja Gombe mwaka 1960, aliyaeleza hayo. Sokwe hatukuwaona, tulisikia kelele zao ng’ambo ya bonde. Sikusikitika hata kidogo. Nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima, nguo zikilowa, na sikutaka kuondoka.

Boti ya kurudi mjini hupita mapema asubuhi. Kesho yake nilisimama ufukweni na mkoba wangu kabla hakujapambazuka vizuri. Ilipofika nikapanda, nikaenda moja kwa moja katikati.